Sababu ya Kughairi

"Andika kwamba mama yangu ni mgonjwa," alisema mpima macho.

Karani alidhani hakusikia vizuri. Printa nyuma yake ilikuwa inakohoa tiketi za familia ya watu saba, na keshia, ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi kwa umri wake na kwa umbea wake, alikuwa anagombana na kalamu iliyokauka wino. Karani akanyoosha mkono, akaizima printa.

"Sema tena."

"Mama yangu. Mgonjwa. Kwenye ile fomu ya kughairi, pale panapoulizwa sababu." Alitazama nyuma kama mtu aliyeiba. "Nimekuja na barua kabisa."

Dakika moja tu kabla ya hapo, moyo wa karani ulikuwa umeruka kwa furaha alipomwona akiingia, bado amevaa koti lake jeupe la kliniki, kijitochi mfukoni, jasho la ghorofa tatu likimng'aa kwenye paji la uso. Lifti ilikuwa imekufa tangu Jumatatu. Mwanamume anayepanda ngazi zote hizi saa za kazi, alijiambia, amekuja kuniona mimi. Akaketi wima, akaweka nywele sawa, akatabasamu tabasamu ambalo hakuna mteja aliyewahi kulipata. Sasa tabasamu hilo lilikuwa bado limemganda usoni, wala hakujua alipeleke wapi.

"Fomu ya kughairi nini?"

"Usinifanye niseme kwa sauti, mpenzi."

"Sema kwa sauti."

Mpima macho akainamia kaunta. "Safari yetu."

Zilikuwa zimebaki siku thelathini meli ing'oe nanga. Usiku saba baharini, kabini ya sitaha ya sita yenye dirisha lake, kitanda cha watu wawili, na majina yao yamefuatana kwenye orodha ya abiria. Fungate lao. Harusi yenyewe ilikuwa wiki tatu mbele; kadi zilishagawiwa na ukumbi ulishalipiwa. Kwa ajili ya fungate hilo karani alikula viazi vya kuchemsha kutoka kwenye kopo, nyuma ya kabati la mafaili, miaka miwili mizima, wenzake wakiteremka kwenda hotelini. Mpima macho naye alipima macho ya watu hata Jumapili. Walichanga sawa kwa sawa, na wiki iliyopita walimaliza kulipa. Karani alijipigia risiti mwenyewe, akaigonga muhuri, akaibusu huku Shangazi anaangalia.

Na yeye hakuwa mtu wa kubusu risiti. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameuza safari za meli katika ofisi ile, na wateja walimpa jina la Soma-Kwanza, kwa sababu hakumruhusu mtu kutia saini kabla hajasoma masharti yote, hata yale ya herufi ndogo za chini. Aliwaambia bila kupepesa: meli haina huruma. Ukighairi mapema, unapoteza arubuni. Ukichelewa, robo ya nauli inakwenda. Ukichelewa zaidi, nusu. Zikibaki pungufu ya siku thelathini, yote. Ndiyo maana kata bima. Bima inalipa ukiugua, ukiuguliwa na mzazi, ukifiwa, nyumba ikiungua, ukiachishwa kazi. Mtu aliyebadili nia, bima haimjui.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya nusu. Saa kumi na moja kompyuta zingejifunga, na kuanzia kesho kughairi kungemeza nauli yote. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na robo.

"Umegombana na nani?" aliuliza karani.

"Sijagombana na mtu."

"Basi mama yako kagombana na wewe."

Mpima macho akaanza kuzipanga upya kalamu zilizokuwa mfukoni mwake, moja moja, kana kwamba amekuja kwa kazi hiyo.

"Hajafurahi," alisema hatimaye. "Unajua mwenyewe hajafurahi. Jana hakula. Alisema kama nataka kuoa mwanamke aliyekwisha kuachwa, tena aliyenizidi miaka mitano, basi nioe, lakini yeye..."

"Lakini yeye nini?"

"Alinyanyuka mezani."

"Alinyanyuka mezani," karani alirudia taratibu. "Mama kanyanyuka mezani, na wewe ukanyanyuka kwenye ndoa."

"Sikusema ndoa! Nimesema safari. Tuahirishe kidogo tu, harusi na safari. Miezi sita. Mama atulie."

"Mara ya kwanza tulisubiri mama astaafu."

"Najua."

"Akastaafu. Mara ya pili tukasubiri dada yako ajifungue. Mtoto huyo sasa anatembea!"

"Anakimbia," alisema Shangazi bila kuinua kichwa. "Lakini kwa mbio hamfikii mjomba wake."

"Shangazi, tafadhali," alisema mpima macho.

"Mimi nafunga hesabu zangu, mwanangu. Siwasikii."

Karani alinyoosha mkono juu ya kaunta. "Lete barua."

Ilikuwa karatasi nzuri, nene, yenye nembo ya kliniki ya macho pale juu. Aliisoma kama alivyosoma karatasi zote, kuanzia nembo mpaka muhuri. Mgonjwa, mwanamke wa miaka sitini na mbili, amepatwa na shinikizo la damu ambalo limeathiri mishipa ya macho yote mawili. Haoni mbali wala karibu. Anahitaji uangalizi wa mtoto wake wa kiume muda wote, na mtoto huyo hawezi kusafiri. Chini kabisa palikuwa na saini aliyoijua vizuri, kwa maana ndiyo iliyokuwa chini ya kadi zote za mapenzi alizowahi kupokea.

"Umeiandika wewe," alisema.

"Mimi ni mpima macho. Nina haki ya kuandika."

"Umemwandikia mama yako mwenyewe, ukasaini mwenyewe, ukagonga muhuri wako mwenyewe." Alianza kucheka, kicheko kikavu kisicho na raha. "Unajua bima watafanya nini na hii? Kitu cha kwanza wanachoangalia ni nani kaandika. Cheti cha ndugu hawakipokei. Cha pili watampigia simu mgonjwa. Cha tatu watapeleka nakala kwa wale waliokupa leseni. Leo una kliniki, mwezi ujao unauza miwani ya jua kwenye kikapu."

Rangi ilimtoka mpima macho. Hilo hakulijua. Lakini alijikaza, akasogea karibu, akashusha sauti mpaka ikawa ile ya wao wawili tu.

"Nilifanya kwa ajili yako. Nilisoma masharti, kama ulivyonifundisha. Tukighairi hivi hivi, nusu imekwenda. Tukighairi kwa ugonjwa wa mzazi, bima tuliyokata inarudisha. Sikutaka upoteze hata senti moja ya jasho lako."

Alidhani amempa zawadi! Karani alimtazama akaona kabisa kwamba anangoja shukrani, na hapo ndipo hasira ilipompanda kutoka tumboni mpaka masikioni.

Miaka mitatu nyuma alikwenda kwenye kliniki ile na kichwa kinachouma. Mpima macho alizima taa, akawasha kijitochi, akakaa goti kwa goti na yeye katika giza lile, akamwambia kama anavyowaambia wote, "Tazama sikio langu la kulia." Karani akalitazama sikio. Kisha akaacha kulitazama sikio. Mwanga ukatetemeka, na yule bwana akasahau alikuwa anatafuta nini ndani ya jicho lile. Alimwandikia miwani, kesho yake akampigia simu kuuliza kama miwani inamkaa, kesho kutwa akampigia tena. Hakuna mtu aliyewahi kumtazama hivyo, bila haraka, kama anasoma. Na sasa macho yale yale yalikuwa yanatazama kaunta, yanatazama kopo la kalamu, yanatazama kila kitu isipokuwa yeye.

"Nitazame," alisema karani.

"Nakutazama."

"Unatazama stepla. Nitazame mimi! Leseni yako, uliyoisomea miaka minne, unaweza kuiweka rehani kwa uongo wa karatasi moja. Lakini kufungua mdomo wako mbele ya mama yako, useme namtaka mwanamke huyu, hiyo ni ghali sana. Hiyo huwezi. Mimi thamani yangu ni ndogo kuliko muhuri wa mpira?"

"Hujui mama yangu alivyo."

"Namjua. Ninayeshindwa kumjua ni wewe."

"Adhabu hizi hazipunguzwi kwa huruma ya mfanyakazi yeyote," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Wote watatu waligeuka. Mlangoni alisimama mwanamke mrefu, mkavu, mkoba mweusi kwenye kiwiko, hata pumzi hazimwendi mbio. Aliongoza shule ya wasichana miaka ishirini na tisa, na ingawa alistaafu, mtaa mzima bado ulimwita Mwalimu Mkuu na mbwa walimpisha njia. Kidole chake kilielekea lile bango kubwa la masharti lililokuwa ukutani nyuma ya karani, kule mwisho kabisa, kwenye herufi zilizokuwa ndogo kama mchanga.

"Mstari wa mwisho," alisema. "Nimeusoma nikiwa hapa mlangoni. Bila miwani. Sasa nataka kujua, nani kipofu katika ukoo wetu?"

"Mama..." mpima macho alisema, na hapo hapo akawa na miaka kumi.

"Yule msichana wako wa mapokezi kanipigia simu. Analia! Mwalimu, pole kwa macho, barua yako nimeichapa mwenyewe, utapona. Nikamuuliza, macho ya nani? Akasema, ya kwako Mwalimu, yote mawili, na barua umeileta huku. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano!"

"Shikamoo, Mama," alisema karani. Hasira au si hasira, adabu ilikuwa adabu.

"Marahaba." Hakumtazama. "Nipe hiyo karatasi."

Karani akampa. Mwalimu Mkuu aliisoma akiwa ameishika mbali kidogo, midomo imebana, na pale penye koma iliyokosekana alisita kwa mazoea. Alipomaliza aliinua macho kwa mwanawe.

"Haoni mbali wala karibu. Mbali naona bango. Karibu naona mpumbavu."

Shangazi akakohoa kwa ghafla sana, akainama chini ya meza yake kutafuta kitu kisichokuwepo.

"Na wewe," Mwalimu Mkuu akamgeukia karani. "Wewe ndiye mtaalamu wa bima hapa. Ujanja huu umemfundisha wewe?"

Karani alisimama. Akaweka viganja vyote viwili juu ya kaunta.

"Mama, nakuheshimu. Lakini hilo sitalimeza. Barua hiyo ningeigonga muhuri nusu saa iliyopita, saa hizi ingekuwa imekwenda bima, na mimi ningekaa nikiomba isishtukiwe. Sijaigonga. Jina langu haliko popote hapo. Nikighairi leo bila barua, nusu ya miaka yangu miwili inakwenda na maji, na bado sijaigonga. Muulize mwanao kwa nini kaileta."

Mwalimu Mkuu alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama sawasawa. Siku zote mbili walizowahi kukutana alimtazama begani.

"Mimi sikutaki," alisema. "Sitakuficha."

"Najua, Mama."

"Huyu ndiye mtoto wangu wa kiume pekee. Wewe umemzidi umri, na ulikwisha kuolewa ukaachwa. Nimelisema mezani kwangu, na hapa nalisema."

"Umri nimemzidi, sina la kubishana. Lakini sikuachwa. Niliondoka. Yule mwanamume alikuwa ananipiga. Mara ya tatu alinipasua juu ya jicho, hapa. Niliondoka asubuhi na mfuko mmoja, kwa miguu yangu. Kama hiyo ni kasoro, basi ninayo, lakini iite kwa jina lake."

Shangazi alikuwa ameacha kujifanya anatafuta.

Mwalimu Mkuu aliangalia lile kovu dogo juu ya nyusi, lililokuwa limefichwa nusu na fremu ya miwani. Kisha akageuza kichwa chake taratibu.

"Wewe ulilijua hili?"

Mpima macho alikuwa anakitazama kiatu chake. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu... tangu siku ya kwanza. Kovu lile mimi ndiye niliyeliona. Akanieleza."

"Na jana, mezani kwangu, nikisema mwanamke aliyeachwa, mwanamke aliyeachwa, mara nne, wewe ulikuwa na hilo mdomoni ukalitafuna na chakula?"

"Ulikuwa umekasirika, Mama. Nilisema nisikuongezee."

"Alisema hivyo mara nne?" karani aliuliza polepole. "Na wewe ukaendelea kula?"

Karani alihisi machozi yanamjia, akayakataza. Faini, nusu, robo, kompyuta, vyote vilimtoka akilini. Alimwona tu mpima macho amekaa mbele ya sahani, kijiko kinapanda, kijiko kinashuka, na jina lake yeye karani linaburutwa sakafuni.

"Mara zote ulizorudi kutoka kwa mama yako ukaniambia yametulia," alisema, "ulikuwa umefanya hivyo hivyo. Umekaa kimya. Unanisifu gizani na kijitochi, kwenye mwanga unanikana."

"Sijakukana! Nilikuwa natafuta wakati mzuri. Mama alisema—"

"Mimi nilisema nini?" Mwalimu Mkuu aliweka mkoba wake juu ya kaunta kwa kishindo. "Hebu tujibizane kwa utaratibu. Nilisema usimwoe?"

"Hapana."

"Nilisema nitajilaza nife?"

"Hapana, lakini—"

"Nilisema sina furaha, nikanyanyuka. Nilikwenda chumbani kwangu, nikaacha mlango wazi na taa inawaka. Nilikuwa nakusubiri. Nilitaka unifuate, ugombane na mimi, unitolee sababu zako, nami nikutolee zangu, mpaka mmoja wetu ashindwe. Baba yako alimfanyia mama yangu hivyo hivyo, wiki nzima, kila siku anatupiwa maneno na kila siku anarudi. Nilikaa kitako saa nzima, kijana. Unajua nilisikia nini?"

"Nini?"

"Unakoroma!"

Shangazi hakuweza tena. Alicheka mpaka akashika ubavu, akaomba radhi, akacheka tena. Mpima macho alitazama huku na huku kama anayetafuta mlango wa dharura.

"Ichane," Mwalimu Mkuu alimwambia karani, akimsogezea barua.

"Mimi sikuiandika, Mama. Aichane mwenyewe."

Mwanamke yule mrefu akamtazama tena, mara ya pili sasa, akampelekea mwanawe karatasi. Mpima macho akaichana katikati, kisha katikati tena. Karatasi nene ilitoa sauti kubwa kuliko alivyotaka. Hakuona pa kuitupa, akavitia vipande mfukoni, pamoja na kijitochi.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika nane.

Karani alivuta droo, akatoa fomu ya kughairi, akaiweka mbele yake na kalamu juu yake. Alifanya hivyo kwa utaratibu ule ule aliowafanyia maelfu ya wateja, lakini midomo ilikuwa imempauka.

"Majina yetu nimekwisha kuyajaza kwenye kompyuta. Namba ya kabini ndiyo hiyo. Nafasi ya sababu iko tupu. Kama unaghairi, ghairi kwa sababu yako. Nusu ya pesa itakwenda, pamoja na yangu, nimekubali; nitarudi kwenye viazi. Lakini sababu hutaiweka kwa mama yako, na hutaiweka kwangu. Andika kwa mkono wako."

"Mpenzi, tuzungumze kwanza sisi wawili, nje..."

"Nimezungumza na wewe miaka mitatu. Andika."

Mpima macho aliichukua kalamu. Makarani wa kaunta husoma maandishi yaliyogeuka juu chini, ni ujuzi unaokuja wenyewe kwa kukaa upande mmoja wa meza, na kwa hiyo karani aliyasoma maneno yale jinsi yalivyokuwa yanazaliwa, herufi kwa herufi, kwenye mwandiko wa kuinama aliokuwa akiupenda. *Mama hajakataa. Yeye hana kosa. Nimeogopa kugombana nikamwachia mchumba wangu asemwe peke yake.*

Hapo akafika penye nafasi ya saini. Kalamu ikasimama.

Mwalimu Mkuu alikuwa amenyoosha shingo, anasoma. "Bima inalipa hiyo?" aliuliza.

"Hailipi, Mama."

"Vizuri."

"Dakika tatu," alisema Shangazi kwa sauti ndogo, safari hii bila utani. "Wanangu, mashine haingoji mtu. Kama ni kughairi, ighairiwe sasa."

Karani aliweka vidole kwenye kibodi. Aliona nusu ile, nusu ambayo bado ingeweza kurudi, imekaa pale kwenye skrini kama kitu cha kuokota. Saini moja tu ilihitajika. Yake mwenyewe ingetosha pia, alijua. Abiria yeyote kati ya wawili anaweza kughairi. Ilimjia achukue kalamu ile aondoke na kilichobaki, kama alivyoondoka na ule mfuko mmoja.

Mpima macho akainua uso. Sasa alimtazama. Macho yalikuwa mekundu na hayakuhama.

"Sitii saini," alisema.

"Fikiri vizuri. Ikigonga saa kumi na moja, kesho huna hata hiyo nusu. Ukikimbia baada ya hapo, unakimbia mikono mitupu, na mimi pia."

"Nimeelewa. Sitii saini."

"Usinionee huruma."

"Nimejionea aibu," alisema. Akaifunika kalamu kifuniko chake, akailaza juu ya kaunta, akaweka mikono nyuma kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu.

Saa ya ukutani ilikokota mshale wake. Karani alikuwa amezishuhudia kompyuta zile zikijifunga kila siku ya kazi kwa miaka kumi na mmoja, na leo tu alijikuta anazihesabu sekunde. Skrini ikatoa mlio wake mdogo, ikawa ya kijivu. Nusu imekwenda. Sasa ni safari, au hasara tupu.

Mpima macho alishusha pumzi ndefu. Uso wake ukaanza kufunguka, na kwenye pembe ya mdomo likachungulia lile tabasamu lililomwua karani siku zote.

"Basi yamekwisha, mpenzi. Tumeshaamua—"

"Yamekwisha nini? Usinichekee!" Karani alikuwa amekwisha kuivua pete kidoleni. Iligoma kwenye fundo, akaivuta kwa nguvu mpaka ngozi ikawa nyekundu, akaiweka juu ya fomu. "Kutotia saini ni kazi ya dakika tatu. Mimi nimesemwa miezi na miezi, wewe upo, unatafuna. Chukua."

"Unaniacha?"

"Nakurudishia. Baba yangu alikupa mkono sebuleni kwake. Ulimwambia mama yako anamsalimu, kumbe mama yako hata hajui umekwenda. Mzee wa watu mpaka leo anauliza mama mkwe hajambo. Nenda kwake. Simama ulipokuwa umesimama, umwambie ulichoandika hapa, na mama yako asikie, na aambiwe pale pale mbele ya baba kwamba sikuachwa, niliondoka. Kutoka mdomoni mwako. Baba akikubali kukusikiliza mpaka mwisho, pete mpe yeye. Akinipa, mimi nitaamua mwenyewe kama nina kidole cha kuivalia. Na usipokwenda, siku thelathini si nyingi. Meli itaondoka, na mimi nitakuwa ndani, nimelala katikati ya kile kitanda!"

Machozi yalikuwa yanamtiririka sasa na hakuyafuta. Alimtazama kupitia machozi yale, amekunja ngumi, na alimpenda kiasi kwamba angeweza kumpiga na stepla.

"Nitakwenda," alisema mpima macho haraka haraka. "Naapa. Kesho jioni, nikifunga kliniki tu, kesho—"

"Kesho?" Mwalimu Mkuu alikuwa amekwisha kuurudisha mkoba kiwikoni. Alimgeukia karani. "Baba yako anakaa wapi?"

"Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha chupa, Mama. Nyumba ya mlango wa bluu. Sasa hivi ndiyo anarudi kutoka kazini."

"Mama," alisema mpima macho, ametoa macho. "Si umesema humtaki?"

"Simtaki," alisema Mwalimu Mkuu, akiufungua mlango wa ngazi. "Chukua hiyo pete, twende."